Mwalimu Aliyekataa Bati za Mukwe

Mwalimu alistaafu mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mara ya kwanza shule ilichinja mbuzi, direkta akasoma hotuba ndefu, wazazi wakamletea kiti cha mbao chenye mikono ya kuegemea ili sasa akae, apumzike. Alilia, akashukuru, akatuaga mmoja mmoja. Jumatatu asubuhi, kengele haijalia, tukamwona anapanda kilima na kile kiti kichwani. Alikuwa anakipeleka darasani. Kiti kizuri namna hii, alisema, hakiwezi kukaa mahali pasipo na kazi. Kijana aliyepewa darasa lake alimkuta ameshaandika tarehe ubaoni na anawauliza watoto mito ya nchi.

Walimuaga tena, mara hii bila mbuzi, akarudi. Mara ya tatu direkta alimuaga barabarani tu, ameshika baiskeli: "Mwalimu, basi kwa heri." Akajibu: "Aksanti Direkta, tutaonana kesho." Sasa amestaafu kabisa. Tulimzika Walikale, mbali na kilima chake, na Jumatatu iliyofuata hakurudi. Nilikuwa bado Walikale, nikaitazama njia hata hivyo.

Kwenye kilio watu walimsifu mpaka nikaanza kushuku kama tulikuwa tunamlilia mtu yule yule. Mpole, walisema. Mnyenyekevu. Mnyenyekevu! Mtu aliyemsahihisha pasta katikati ya sala ya chakula, macho yetu yote yamefumbwa! Ndiyo maana nasema haya, ili angalau mtu mmoja amkumbuke jinsi alivyokuwa, na ubishi wake wote.

Alizaliwa wapi, nani alimzaa, hayo waulizeni wengine. Mimi nilikuwa jirani yake kule Masisi. Alinifundisha darasa la tano, na nilipokua nikawa muuza maharagi: napanda moto, yaani pikipiki, na magunia yangu mpaka Walikale, narudi juu na mafuta ya mawese. Alikuwa akiniita Madmwazeli tangu nikiwa na miaka kumi, na aliendelea kuniita hivyo nikiwa na watoto watano na meno yamepungua. Bwana yangu alimwambia siku moja, "Mwalimu, huyu ni madame sasa." Mwalimu akamtazama juu hadi chini. "Ulimukuta ni Madmwazeli," akasema. "Weye njo ulikuya nyuma."

Alilima na kravati. Kravati ilikuwa moja, na rangi yake Mungu tu anaijua, lakini asubuhi aliifunga hata kama alikuwa anaenda kupalilia mihogo. Watu wakicheka, anawaambia mihogo nayo inaangalia nani anailima. Mvua ya Masisi ikimkuta shambani, alivua kravati kwanza, akaifunga ndani ya jani la mgomba, ndipo akatafuta mahali pa kujificha mwenyewe. Kanisani alikaa benchi ya mbele, kichwa kimeinama upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Pasta akikosea jina la mji fulani wa Biblia, Mwalimu anakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha adabu. Baadaye pasta alizoea kuhubiri huku akilitazama koo la Mwalimu, na mahubiri yakawa mafupi, na kwa hilo sisi wengine tulimshukuru Mwalimu sana.

Hakuwa mwoga, na alikuwa mwoga. Nieleze. Siku moja tulikuwa tunashuka naye kwenda sokoni, tukakuta vijana wamefunga njia kwa kamba, mmoja ana bunduki na macho mekundu. "Simameni! Mutoe!" Mwalimu akasimama, akangoja. Yule kijana akapiga kelele tena. Mwalimu akasema kwa sauti ile ile ya darasani: "Mutoto, salamu kwanza." Nilijua tumekufa. Kijana akamkazia macho, kisha uso ukalegea. "Eeh, Mwalimu?" Na haki ya Mungu, aliificha bunduki mgongoni kama mtoto aliyekamatwa anatafuna muwa darasani. Tukapita. Mwalimu akaniambia njiani kwamba yule alikuwa mzuri sana kwa hesabu, shida yake ilikuwa kukaa karibu na dirisha.

Mtu huyo huyo alikuwa anaogopa vyura. Siyo kuogopa kidogo, hapana, kuogopa mpaka kupanda juu ya meza. Chura akiingia nyumbani kwake, Mama Mwalimu, yaani mke wake, ndiye alimtoa kwa ufagio, na Mwalimu juu ya meza akimwelekeza: "Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!"

Mama Mwalimu. Huyo ndiye alikuwa direkta wake wa kweli. Kwetu kilimani wanaume wanakula peke yao mbele ya nyumba, wanawake na watoto wanakula jikoni. Mwalimu alikula na mke wake na mabinti zake kwenye meza moja, kila siku, mlango wazi, bila haya. Ikaleta maneno. Wazee wakasema huyo mwanamke amempa dawa. Wenye umri wake walimwita aje kula nao, akakataa. "Huko munaongea ng'ombe tu," aliwaambia. "Huku kwangu kuna habari."

Halafu ile habari ya kitunga, kikapu cha mgongoni. Mwanamke wa kwetu anabeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na bwana anatangulia na fimbo yake. Mwalimu alitembea nyuma ya mke wake. Njia ikianza kupanda, alinyoosha mkono akasukuma kitunga kwa chini, kwa vidole viwili, kupunguza uzito. Vidole viwili! Akina mama tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikamuuliza Mama Mwalimu kama kweli vile vidole vilimsaidia. "Haisaidie hata kidogo," akasema. "Lakini minajua iko pale." Usiku ule nilimwangalia bwana yangu kwa jicho baya.

Mama Mwalimu alipokuwa hospitali kujifungua binti yao wa mwisho, Mwalimu alisuka nywele za wale wakubwa mwenyewe. Alitumia rula. Mistari ilinyooka kama daftari, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, na watoto wa shule waliwacheka wiki nzima. Wiki iliyofuata mabinti wengine wawili walikuja kuomba wasukwe vile vile. Alikataa, akasema yeye siyo saluni.

Sasa nifike kwenye jambo lililotupigisha kelele sisi wote. Huyo binti wa mwisho, tuliyekuwa tukimwita Kadogo, alikuwa na mdomo. Alibishana na baba yake tangu alipojua kusema, na Mwalimu alifurahi sana kubishana naye, ingawa alijifanya anachoka. Alipokua aliolewa na mfanyabiashara wa Butembo, si wa kabila letu, mwenye butiki Walikale, kule chini msituni, barabara ya Kisangani. Chumvi, sabuni, betri, misumari, bati, yote unapata kwake. Kijana mwema, Mkatoliki, mchapakazi. Anaweza kukuuzia mwavuli wakati wa jua kali, na ukatoka unashukuru.

Kwetu, mtu haishi kwa mukwe. Mzazi wa mwanamke hakai mezani kwa bwana ya binti yake kama yuko kwake, na kulala chini ya paa lake ndiyo kabisa. Vijana wanaanza kuacha hayo, na mimi sijui nani aliyaanzisha. Lakini hebu ona: Mwalimu, aliyekula na wanawake, aliyesuka nywele, aliyetembea nyuma ya mke wake, desturi zote alizipita kama mtu anayeruka mfereji, hii moja akaishika kwa mikono miwili.

Tuliijua siku masasi, risasi za vita, yalipokaribia kilima chetu na sote tukakimbia. Mimi nilipeleka watoto wangu kwa dada yangu Goma. Mwalimu na mke wake walishuka upande wa Walikale, kwa miguu, wakipumzika Kibua, Mama Mwalimu na kitunga chake na yeye nyuma. Watoto wao wengine walikuwa mbali, kila mmoja na kwake. Aliyekuwa karibu ni Kadogo tu. Na Kadogo na bwana yake walikuwa tayari: walitoa magunia ya chumvi kwenye chumba kizima, wakaweka kitanda, godoro jipya lingali na nailoni yake, na taa ya sola.

Mwalimu alifika, amejaa matope mpaka magotini, kravati shingoni. Akasimama barabarani, hakuvuka mlango. Aliwasalimia wote. Akaisifu nyumba, akasifu bati, akasifu hata rangi ya mlango. Kisha akamuuliza mukwe wake kwa heshima kubwa: "Kanisa ambayo bakimbizi banalala iko upande gani?"

Ndivyo ilivyokuwa. Alimchukua mke wake, wakaenda kulala chini ya shitingi, turubai la wakimbizi, nyuma ya kanisa, pamoja na watu waliokosa pa kwenda. Wao wenye chumba na godoro.

Niliposhuka tena na maharagi, Kadogo alinivuta ndani ya butiki kabla sijakata hata kamba ya magunia. Macho yamevimba. "Dada, uende umuseme baba. Mama anakohoa. Mvua inamunyeshea, mi niko na chumba, Papa anakataa! Bantu banasema bwana yangu alifukuza bakwe." Bwana yake alikuwa nyuma ya kaunta anapanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa. Hakuinua kichwa. "Ananizarau," alisema polepole. "Ni sababu ya kabila yangu ao ya dini, sijui. Aniambie tu, nitasikia."

Nikaenda nimewaka. Kule nyuma ya kanisa nikamkuta Mwalimu amekaa juu ya gogo, miguu imeinuliwa kutoka ardhini, kwa sababu msitu ule, jamani, una vyura kuliko Masisi ina maharagi. Mama Mwalimu alikuwa amelala kwenye mkeka, kikohozi kinamtikisa. Nilimmwagia Mwalimu maneno yote niliyokuwa nayo. Nikamwambia kiburi chake kitamuua mama wa watu. Nikamwambia yeye aliyetufundisha kwamba desturi isiyo na sababu ni kamba ya kumfunga ng'ombe aliyekufa, leo anajifunga nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande. Kisha akakohoa kile kikohozi cha kanisani.

"Madmwazeli. Binti akigombana na bwana yake, anaenda wapi?"

"Kwao," nikasema. Alikuwa na njia ya kuuliza, ukajikuta unajibu kabla hujakasirika vizuri.

"Na kwao Kadogo njo wapi?"

Nikafungua mdomo kusema Masisi, nikaufunga. Kule nyumba ilikuwa imebaki kuta na majani.

"Unaona," akasema. "Sasa tuseme mi na mama yake tunalala kwa bwana yake, tunakula bugali yake. Siku atakasirika, atafanya nini? Atatoka ku chumba moja aingie ku ingine? Atakuya kulia mbele yangu, na mi niko nimekalia godoro ya ule anamulilia? Hatakuya. Ataona bazazi bake pale, atasema moyoni, nikileta maneno, baba atalala wapi? Atanyamaza. Leo atanyamaza, kesho atanyamaza." Akaelekeza kidole upande wa butiki. "Kadogo hakuzaliwa kwa kunyamaza. Mi njo nilimufundisha kubishana. Sitamufunga mudomo juu ya kupata mahali ya kulaza kichwa yangu."

"Lakini bwana yake iko muzuri, Mwalimu."

"Iko muzuri sana! Sina neno naye hata moja. Lakini hata bwana muzuri anapashwa kujua bibi yake iko na mulango ingine."

Nilikaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimekuja kumgombeza, sasa nikawa upande wake. Nikasema basi nimwambie Kadogo, na bwana yake aambiwe, wasiumie bure. Mwalimu akaruka kutoka kwenye gogo, akasahau na vyura.

"Apana! Usimuambie! Muntu hawezi kumuonyesha binti njia ya kukimbia. Yule, ninamujua, atagombana juu ya kuijaribu tu!"

Nikamgeukia Mama Mwalimu, nikamuuliza yeye anasemaje, maana kifua kilikuwa chake. Alingoja kikohozi kipite. "Mi ningelala hata ku depo ya sabuni," akasema. "Ile godoro, niliiona, dada. Lakini huyu muzee anasema kweli, njo ile inaniuzi." Wakacheka wote wawili, na yeye akakohoa tena, na nilimwona Mwalimu anamtazama. Hapo nilielewa kwamba hakuwa anacheza. Alikuwa anampima mke wake na binti yake kwenye mizani moja.

Akaamua kujenga. Pa kujenga alipewa na mzee mmoja wa pale, mwisho wa mji, karibu na migomba yake. Na unadhani alipata wapi miti? Alianza kufundisha watoto wa jirani mchana, chini ya shitingi ile ile, na kila mtoto alikuja na mti mmoja wa nyumba. Aliyechelewa, miti miwili. Wazazi wakacheka, wakaleta. Mukwe aliposikia, alituma bati mpya kwenye mkokoteni, nyingi, za kutosha na jikoni. Mwalimu alizipiga kofi moja moja kusikiliza mlio, akasema ni bati nzuri ajabu, akazirudisha. Aliniambia mimi: "Bati ya mukwe ikiwa juu ya kichwa yangu, Kadogo atakimbilia chini ya bati ya nani?" Alikubali chumvi tu. Chumvi, alisema, inaisha.

Kwa hiyo paa likawa la mangongo, yale majani mapana ya msituni ambayo watu wa kule wanafunikia nyumba. Na hapo tena ubishi. Watu wa Walikale walimwambia ajenge kuta nyepesi, madirisha makubwa, upepo upite. Mwalimu akawaambia nyumba ni nyumba. Akajenga kama tunavyojenga kwetu kwenye baridi: kuta nene za udongo, dirisha dogo kama la kuchungulia mwizi. Siku ya kwanza Mama Mwalimu aliingia, akatoka, jasho linamtiririka. "Baba," akasema, "umenijengea furu ya mikate." Lakini lile joto la tanuri lilimkausha kifua, haki, na kikohozi kikaisha ndani ya msimu ule. Mwalimu alidai alikuwa amekusudia.

Akaniomba mbegu za maharagi. Nilimletea zile nzuri za kwetu, akapanda kama tunavyopanda, mistari imenyooka. Msitu ule una mvua na joto, maharagi yakalewa. Yakapanda juu ya miti, yakapanda juu ya kuta, yakafunika dirisha, majani mapana kama sahani, na punje hata moja hakuna. Jirani zake walipita jioni kuangalia. "Mwalimu, hii ni nini?" Naye, kravati shingoni: "Ni kivuli." Tangu siku hiyo pale walimwita Papa Kivuli, na alijifanya hasikii.

Lakini Kadogo hakuwa anacheka. Kadogo alikuwa amekata moyo. Alikuja Jumapili baada ya misa, akakaa mlangoni nusu ndani nusu nje, hakuvua viatu, hakunywa maji. Anauliza habari ya mama, anasimama, anaondoka. Ule ubishi uliokuwa kati yake na baba yake ukazimika kabisa. Mwalimu alimchokoza kwa makusudi, akasema uongo kuhusu jambo la shule ili amsahihishe, na binti akasema tu: "Ndiyo, Papa." Ndiyo, Papa! Afadhali angempiga.

"Kwetu kulikwisha," Kadogo aliniambia siku moja akinipimia chumvi. "Kilima kilikwisha, na Papa alinikataa. Sina kwetu, dada. Niko tu hapa." Nikauma ulimi. Niliporudi kwa Mwalimu nikamwambia: nyumba uliyomjengea aikimbilie, wewe mwenyewe umeifunga, hatakuja hapa hata nyumba ya bwana yake ikiwaka moto. Alikaa anavuruga majani ya maharagi kwa vidole, na nikaona amezeeka. "Tungoje," akasema. Kisha akasema, "Labda nilikosea, Madmwazeli. Labda nilifanya hesabu yote vizuri na nikasahau kuuliza muntu mwenyewe."

Tukangoja. Mvua ikaja, ikaenda. Mimi nilipanda na kushuka na magunia yangu, na kila nikifika nauliza, na kila mara Mama Mwalimu anatikisa kichwa.

Halafu ikaja safari ile, ya mwisho kumkuta akiwa na nguvu zake, ingawa hakuna aliyejua. Asubuhi, jua limetoka, nakaribia nyumba ya majani, namwona Mwalimu amesimama nje, kravati imekazwa. Aliponiona aliinua kidole mdomoni kama siku ya mtihani, akanikimbilia kwa vidole vya miguu.

"Silansi. Iko ndani."

"Nani?"

"Amekuya asubuhi. Amekasirika vibaya, vibaya sana!" Uso ulikuwa unamwaka kwa furaha. Alinishika mkono, anautikisa. "Na valizi, Madmwazeli! Amekuya na valizi, na nguo yake yote!"

"Wamegombana juu ya nini?"

"Sijauliza. Nitauliza nini? Nikiuliza, labda itakuwa kitu kidogo, ataona haya, atarudi mbele ya saa sita."

Mama Mwalimu alikuwa kwenye mafiga anageuza bugali. "Baba, funika meno. Mutoto analia ndani, weye unacheka inje."

"Sicheki."

"Unacheka mpaka ku masikio."

Niliingia nikiinama. Kwenye ile furu, kwenye mkeka wa mama yake, Kadogo alikuwa amelala ameugeukia ukuta, mtoto wake mchanga kifuani, viatu vimetupwa kimoja huku kimoja kule, kikombe cha maji kimekwisha karibu na kichwa. "Dada, usinisalimie," akasema bila kugeuka. "Nimekasirika." Nikamwambia sawa. Nikatoka nikakaa na Mama Mwalimu, tukashikana mikono kama wasichana, tukijizuia kucheka.

Mwalimu alijua kitakachofuata, maana desturi ni ile ile huku na huku: bwana anakuja kumtafuta mke kwao, anakuja na pombe na maneno mazuri. Akaanza kuandaa hotuba. Nilimwona anatembea kati ya yale maharagi yake yasiyozaa, mikono mgongoni, midomo inacheza, mara anatikisa kidole, mara anakirudisha. Aliirudia mpaka bugali ikaiva, tukala, akaendelea.

Mukwe alikuja mchana. Shati la misa, bidoni ya kasiksi mkononi, dumu la ile pombe ya ndizi. Alisimama mbali, kama inavyopaswa, na huyo mtu anayeweza kusemesha wanunuzi kumi kwa pamoja akawa anakunja upindo wa shati. Mwanzoni nilimwonea huruma, halafu nikamkumbuka aliyekuwa analia ndani, nikaacha.

"Papa," akasema. "Nimekuya... nilikuwa natafuta muke yangu. Kama alipita hapa."

Mwalimu akajinyoosha. Akakaza kravati. Tukangoja hotuba. "Bwana mukwe," akaanza, akakwama. "Bwana mukwe..." Mdomo ulifunguka, ukafunga, na neno halikutoka hata moja.

Ndani ya nyumba mkeka ukalia, na sauti ya Kadogo ikapita kwenye kile kidirisha kidogo, kali, ya zamani, ya kusikika mpaka kwa majirani:

"Mumuambie niko kwetu!"

Mwalimu akatugeuzia mgongo haraka. Akasimama anaangalia majani ya paa lake, mabega yanatikisika, na mukwe akaogopa, akaweka mkono kifuani: "Papa, samahani, nisamehe, sikutaka..." Hakuelewa kitu, maskini. Mwalimu aliinua mkono mmoja nyuma, bila kugeuka, akampungia kwamba hapana, asubiri, si yeye.

Mama Mwalimu akafuta mikono kwenye kikwembe chake, akasimama.

"Umesikia, mukwe," akasema. "Iko kwao. Weka bidoni chini, ukae, ungoje."